Nimemwandikia mahudhurio mtumikia adhabu ambaye hakufika. Nifanye nini?

Shikamoo mshauri,

Nina diploma ya ustawi wa jamii, na huu ni mwezi wa tano nafanya kazi ya mkataba kama msaidizi wa maafisa probesheni hapa Mkoa wa Dodoma. Afisa ninayemsaidia ana eneo kubwa, kwa hiyo siku mbili kila wiki hunituma vijijini kwa bodaboda kuwakagua watu wanaotumikia adhabu ya huduma kwa jamii, yaani kazi za umma bila malipo badala ya kifungo, kukusanya madaftari ya mahudhurio na kuchukua maelezo ya kuandalia taarifa za mahakamani. Kazi naipenda. Ila mwezi huu nimejiingiza mahali nisipojua natokaje.

Kuna mama alikutwa na lita tano za gongo, mahakama ikampa miezi sita ya kufanya usafi katika shule ya msingi ya kijijini kwao. Ana mtoto wa miezi minne. Tangu mvua zianze Desemba anafika siku mbili, siku nyingine yuko shambani. Mwalimu anayemsimamia akaniambia, "Mwanangu, wewe mwandikie tu, huyu akikosa palizi watoto watalala njaa." Nikamwonea huruma. Nikajaza wiki nzima kwa mwandiko wangu, Jumatatu tarehe 12 hadi Ijumaa tarehe 16 Januari, mwalimu akasaini. Ukweli ni kwamba alifika Jumatano na Alhamisi tu.

Kijiji cha pili, kijana aliyepaswa kuwa anafyeka zahanati nilimkuta katika shamba la zabibu la kiongozi mmoja wa kijiji. Anasema alitumwa. Kiongozi mwenyewe akanijibu kwamba kazi ni kazi, mradi kijana hakai bure.

La tatu, mtoto wa mama yangu mdogo ameingia kwenye orodha yetu kwa kesi ya shambulio. Mama mdogo ananipigia kila jioni, anataka kujua nitamsaidiaje.

Ripoti ya mwezi inadaiwa wiki ijayo. Nikisema ukweli, yule mama atafungwa? Na mimi je? Na ninapokuwa kijijini peke yangu bila afisa, mipaka yangu hasa ni ipi?

Msaidizi, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na daftari, maana hilo halisubiri. Huruma yako ni ya kweli, lakini kwa kuzijaza zile siku umemwekea mama yule mtego. Tazama tarehe. Jumatatu ya tarehe 12 Januari ilikuwa Siku ya Mapinduzi, sikukuu ya kitaifa. Hakimu au mkaguzi akifungua ukurasa huo, swali lake la kwanza litakuwa: siku hiyo nani alifungua stoo akampa fyekeo? Akishalitilia shaka daftari kwa siku moja, atazitilia shaka hata zile siku ambazo mama alifagia kweli na mtoto mgongoni. Hizo siku ni mali yake, amezitolea jasho, na wewe ndiye uliyepewa kazi ya kumtunzia.

Kwa hiyo lisahihishe kabla ripoti haijaandikwa. Usifute, usipake wino mweupe, usichane ukurasa. Piga mstari mmoja juu ya maandishi yasiyo sahihi, ulichoandika mwanzo kiendelee kusomeka. Pembeni andika sahihi: Jumatatu "sikukuu", Jumanne na Ijumaa "hakufika". Weka tarehe ya leo na saini yako kwenye kila sahihisho. Mwalimu naye asaini mahali palepale, kwa sababu ilikuwa saini yake iliyothibitisha kisicho kweli. Akikataa, usimlazimishe wala usimsainie, andika tu kwamba ameombwa tarehe fulani na amekataa. Kisha mwandikie afisa wako maelezo ya ukurasa mmoja. Mfano utaukuta mwishoni.

Huenda ukakaripiwa, na mkataba wako unaweza kuguswa. Siwezi kukuahidi kwamba hautaguswa. Ninachokuhakikishia ni kwamba kosa lililoletwa na mwenyewe wiki ya pili, kabla taarifa haijafika mahakamani, ni rahisi zaidi kusahihishwa ndani ya ofisi. Likigunduliwa mwezi wa tano, wakati taarifa yenye takwimu hizo imeshasainiwa na afisa na kuwekwa kwenye jalada la kesi, limeshakuwa suala la nyaraka ya uongo mbele ya mahakama, na afisa wako anaangukia hapo pamoja na wewe.

Ukiwa na daftari hilo mkononi, rudi nyuma mpaka Desemba. Tazama tarehe 9, siku ya Uhuru, halafu 25 na 26, halafu 1 Januari. Tazama pia majuma ambayo shule ilifunga. Kama kuna saini za siku hizo, muulize mwalimu nani alikuwepo shuleni. Inawezekana jibu lipo na ni zuri, mlinzi anaishi palepale na ndiye aliyemsimamia. Basi iandikwe hivyo, na jina la mlinzi liwemo. Dalili nyingine ya daftari lililopikwa ni wiki nzima kuandikwa kwa kalamu moja, mwandiko ukilala upande mmoja, muda wa kuingia ukiwa uleule kila siku bila dakika kupungua wala kuzidi. Hakuna binadamu anayetembea kilomita nne kwenye tope la Januari akafika saa mbili kamili siku tano mfululizo.

Sasa, je, atafungwa? Msaidizi hafungi mtu, na afisa probesheni hafungi mtu. Amri ilitolewa na mahakama chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, na mahakama ndiyo inayoweza kuibadilisha, au kuifuta na kutoa adhabu nyingine, hata kifungo. Afisa anachopeleka ni taarifa. Ndiyo maana sababu ya kutofika inapaswa kuandikwa kwa makini kama mahudhurio yenyewe. Ukiandika "hakufika siku 9" na kuishia hapo, hakimu anamwona mtu anayeidharau amri yake. Ukiandika "hakufika siku 9, zote baada ya mvua za Desemba, ananyonyesha mtoto wa miezi minne, analima ekari mbili za uwele bila msaidizi, nyumbani hadi shuleni ni kilomita nne," anaona mtu ambaye ratiba aliyopewa imegongana na msimu.

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua. Asiyepalilia Januari na Februari hana cha kuvuna, wala hakuna vuli ya kumfidia. Jambo hilo kila mtu ofisini analijua, kwa hiyo lilipaswa kujitokeza tangu kwenye uchunguzi wa kijamii, kabla amri haijatolewa: mtu huyu analima nini, wapi, kwa mikono ya nani. Liliporukwa pale, linajitokeza sasa kama utoro. Kwa majalada yanayokuja, uliza kalenda ya shamba na uiandike. Inachukua dakika tano.

Kwa mama huyu kuna njia halali tatu na zote zinapitia kwa afisa wako. Ya kwanza ni kubadili muda. Kazi ni saa nne kwa siku, na si lazima ziwe saa 2 hadi saa 6. Kama shule ina mtu wa kumpokea saa 1:00, anamaliza saa 5:00 na mchana wote ni wa shamba. Ya pili ni kubadili kituo. Kama ofisi ya kijiji, zahanati au kisima cha umma kiko karibu na kwake, kuokoa kilomita nane za kwenda na kurudi ni karibu saa mbili za mwendo kwa mama mwenye mtoto. Ya tatu, kama hayo mawili hayatoshi, afisa aombe mahakama ibadilishe amri. Kazi yako ni kumkusanyia vitu vya kuamulia: umbali uliopimwa kwa mita ya bodaboda badala ya kukisiwa, kadi ya kliniki ya mtoto uliyoiona kwa macho, na maelezo ya mwenyekiti wa kitongoji kuhusu shamba. Zungumza na mwalimu pia kuhusu aina ya kazi. Mama anayenyonyesha anaweza kupanga vitabu, kumwagilia miche, kuosha madarasa, na apewe nafasi ya kumnyonyesha mtoto kivulini. Usimwahidi lolote. Ukimwambia "nitakuombea, usijali," atasikia kwamba ameruhusiwa, na siku inayofuata hatafika. Mwambie: "Mama, kesho njoo kama kawaida. Shida yako nimeiandika, afisa atakujibu mwenyewe."

Mwambie pia mwalimu, kwa heshima, kwamba ruhusa ya siku moja kwa msiba au mtoto kuumwa inaandikwa kama ruhusa. Neno "ruhusa" katika daftari halimdhuru mtu. Walimu wengi hujaza siku kwa kuogopa kwamba nafasi tupu itaonyesha wao hawasimamii.

Mengi ya haya yangeepukwa kama daftari lingekuwa na nafasi za kutosha, kwa hiyo likiisha, chora jipya vizuri. Madaftari mengi yana tarehe na saini tu. Weka tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kazi iliyofanyika, saini ya mtumikia adhabu, saini ya msimamizi, na nafasi pana ya maoni. Juu ya kila ukurasa weka namba ya kesi, jina la mahakama, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, vyote vimenakiliwa kutoka kwenye amri yenyewe. Usinakili kutoka kwa mtu aliyenakili, maana namba ya kesi iliyokosewa tarakimu moja hupeleka taarifa kwenye jalada la mtu mwingine.

Kwenye saa kuna kosa ambalo hutokea kila mara. Msimamizi mmoja anaandika saa 2:00 kwa maana ya asubuhi yetu, mwingine anaandika 8:00 kama simu yake inavyoonyesha, na karani wa ofisini akijumlisha anapata mtu aliyeingia saa 8:00 akatoka saa 6:00. Chagua saa za Kiswahili, andika maagizo hayo kwenye jalada la daftari, na uongeze "asubuhi" au "mchana" kila mara. Kwenye nafasi ya kazi, kataza neno "usafi" likiwa peke yake. "Amefyeka nyuma ya darasa la nne, mita 20 kwa 15" ni kitu ambacho ukifika Alhamisi unaweza kwenda kukitazama. "Amechota maji ndoo 12, amemwagilia miche 40" vivyo hivyo. Asiyejua kuandika aweke dole gumba la kushoto kwa wino wa muhuri, siku ileile, na msimamizi aandike jina pembeni. Usikubali vidole vya wiki nzima vibandikwe Ijumaa.

Mtu asipofika, usingoje mwisho wa mwezi. Siku ya kwanza msimamizi akupigie au akutumie ujumbe, siku ya pili wewe umtafute kwa simu au kupitia balozi, siku ya tatu mtu afike nyumbani kwake. Katika siku tatu bado unaweza kumkuta kwenye kitanda cha zahanati, au msibani Mpwapwa, au amekwenda kubeba magunia Kibaigwa apate hela ya unga. Baada ya wiki tatu ameshahamia Dar es Salaam, ameona aibu au hofu ya kurudi, na kilichokuwa tatizo la nauli kimekuwa hati ya kukamatwa. Anayetaka kuhama makazi anaweza kulieleza hilo na likashughulikiwa. Anayeondoka kimya ndiye anayeharibikiwa, kwa hiyo warudie maneno hayo kila unapokutana nao.

Kijana wa shamba la zabibu ni jambo zito kuliko unavyolichukulia. Huduma kwa jamii ni kazi isiyolipwa kwa faida ya umma: zahanati, shule, barabara ya kijiji, miti ya hifadhi. Kwenye shamba la mtu binafsi, hata akiwa ni kiongozi, kazi hiyo inakuwa kibarua cha bure kinacholindwa na hofu ya gereza. Kijana hawezi kukataa, kwa sababu aliyemtuma ndiye atakayeulizwa kesho kama ana mwenendo mzuri. Na akikamatwa hayupo kituoni, atakayeandikwa mtoro ni yeye.

Mambo ya namna hii hayamalizwi palepale shambani. Ulifanya vema kama hukubishana. Andika muda uliomkuta, mahali, kazi aliyokuwa akifanya, maneno aliyosema kijana na maneno aliyosema kiongozi, kila moja kwa jina la aliyelisema. Tembea mpaka zahanati, muulize mganga kijana alionekana mara ya mwisho lini, na utazame nyasi: nyasi zilizofika magotini zinajibu vizuri kuliko daftari. Zungumza na kijana akiwa peke yake, mbali na kijiji, na umuulize ni siku ngapi na alianza lini. Usipige picha za watu. Siku hiyohiyo, kabla hujalala, mpigie afisa, kisha ufuatishe kwa maandishi. Kama siku za zabibu zihesabiwe au zisihesabiwe, huo si uamuzi wako. Pendekeza tu kwamba kijana ahamishiwe kituo ambacho kiongozi huyo hana kauli, na hilo lifanyike kabla kiongozi hajaulizwa chochote, kwa sababu hasira ya kuulizwa itamshukia kijana. Ukisikia kwamba mtu alitoa kuku au elfu kumi ili asainiwe, usifanye upelelezi wa peke yako. Mweleze afisa. Na kama anayetajwa ni wa ofisini kwenu, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa 113.

Kuhusu mtoto wa mama mdogo, andika mistari miwili leo: "Fulani, kesi namba fulani, ni ndugu yangu wa karibu. Naomba nisihusike na jalada lake." Baada ya hapo usilifungue, usimkague, usipokee daftari lake, na usimpelekee ujumbe hata wa tarehe ya kufika mahakamani, maana ukikosea siku utaambiwa ulimficha. Mama mdogo hatapenda. Mwambie kwa upole na kwa maneno yaleyale kila jioni: "Mama mdogo, jalada hilo haliko kwangu. Mwambie aende ofisini mwenyewe, atapokelewa vizuri." Ukimjibu kwa urefu mara moja tu, kesho atataka zaidi. Jamaa wanaposema unawakana, kumbuka aliyepigwa naye ana ndugu, nao wameshajua wewe ni nani kwa aliyempiga.

Sasa mipaka. Unaona, unasikia, unaandika, unapeleka. Huongezi siku, hupunguzi, husamehi, hutishi. Sehemu ngumu ni kuandika, kwa sababu watu wengi huchanganya mambo matatu: nimeona, nimeambiwa, nadhani. Yatenganishe hata kwenye daftari dogo la mfukoni. "Ana tabia mbaya ya ulevi" haina mwenyewe na haimsaidii hakimu. "Balozi amesema amewasuluhisha mara mbili tangu Juni, mara zote mbili baada ya kunywa. Mkewe amesema ni mara moja. Nilipofika saa 4 asubuhi hakuwa amelewa" inamsaidia. Pale kauli zinapopingana, ziache zipingane. Usichague unayoipenda.

Kwa taarifa ya uchunguzi wa kijamii, zungumza na watu wa nyumbani kwake, na mtu wa nje asiye rafiki wala adui yake, na aliyekosewa. Aliyekosewa husahaulika mara nyingi, eti kwa sababu kesi imeshaamuliwa. Muulize alichopoteza kwa idadi na bei, kama amerudishiwa chochote, na kama anaogopa kukutana na mtu huyo kisimani au mnadani. Kituo kikipangwa kwenye shule anakosoma mtoto wa aliyepigwa, shida imeshapandwa. Asipotaka kuzungumza, muage kwa heshima na uandike kwamba hakutaka.

Unapofika kijijini, usiulize "anakaa wapi yule mfungwa." Uliza nyumba ya baba yake au jirani yake. Mwache boda mbali kidogo. Salimia kama watu, "mbukwa" kwa wazee wa Kigogo, na utulie kwanza, kwa sababu mgeni anayetoa karatasi kabla ya salamu huambiwa anachotaka kusikia aondoke haraka. Kaa nje, mahali mnapoonekana ila hamsikiki. Kiswahili cha bibi kikiwa kigumu, usimfanye mshtakiwa au mumewe kuwa mkalimani. Kondoa utahitaji Kirangi, na sehemu za Chemba Kisandawe, kwa hiyo mwombe afisa akupangie mtu mapema. Kabla hujaondoka ofisini acha karatasi yenye majina ya vijiji na saa ya kurudi. Kama huna uhakika na nyumba, usiingie ndani, na uwe barabarani kabla ya saa 12 jioni.

Kuna vitu viwili ukivikuta unaacha kila kitu na kumpigia afisa. Kimoja ni mtu anayeonekana hajafika miaka 18. Vijijini umri hukisiwa, na mtoto mrefu hupelekwa mahakamani kama mtu mzima. Tafuta cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, rejesta ya darasa la kwanza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo, na shauri lake linamhitaji afisa ustawi wa jamii, kwa hiyo karatasi moja ya kliniki inaweza kubadili kila kitu. Kingine ni mtu ambaye maneno yake hayashikamani, au anayesikia sauti. Usiandike "kichaa". Andika alichofanya na alichosema mbele yako, na waliomjua zamani wanasemaje. Afisa ndiye atakayeomba apimwe, na Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, iko hapahapa mjini.

Watu pia watakuletea jamaa zao waliotoka gereza la Isanga au Msalato na kukwambia wako kwenye "kifungo cha nje". Neno hilo mitaani linabeba kila kitu: huduma kwa jamii, amri ya probesheni (mtu kubaki nje chini ya uangalizi wa afisa) chini ya sheria yake ya Sura ya 247, na hata wale wanaosimamiwa na Magereza wenyewe, wakiwemo wa parole, walioachiwa kwa masharti kabla ya kumaliza kifungo. Masharti yao yanatofautiana. Kabla ya kutoa jibu lolote omba karatasi, soma imetolewa na nani, na kama haitokani na amri mnayoisimamia, mwelekeze alikotoka. Ushauri mzuri kwa mtu asiye wenu unaweza kumvunjia masharti ya wengine.

Simu yako iangalie. Picha ya ukurasa wa daftari ukiituma kwenye kundi la WhatsApp imebeba jina la mtu, kosa lake na kijiji chake, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tuma kwa afisa peke yake kama ameagiza, kisha ifute. Kwenye daftari la mfukoni tumia namba za majalada badala ya majina, maana madaftari huanguka kwenye bodaboda.

Maelezo ya kumpa afisa yaandike leo, kwa mkono au kwa kompyuta, mafupi hivi:

"Kwa Afisa Probesheni. Kuhusu: marekebisho ya mahudhurio, kesi namba ____. Tarehe ____ nikiwa katika kituo cha kazi ____ nilijaza mahudhurio ya tarehe 12 hadi 16 Januari kuonyesha kwamba mtumikia adhabu alifika siku zote tano. Si kweli. Tarehe 12 ilikuwa sikukuu. Alifika tarehe 14 na 15. Hakufika tarehe 13 na 16. Msimamizi wa kituo aliniomba nijaze, nami nikakubali. Mtumikia adhabu hakuniomba na hakuwepo. Nimesahihisha daftari tarehe ____ bila kufuta maandishi ya awali. Sababu za kutofika nilizoelezwa, na nilizoziona mwenyewe, nimeziambatanisha. Naomba shauri lake la muda na kituo cha kazi liangaliwe kabla ya ripoti ya mwezi."

Sentensi ya "mtumikia adhabu hakuniomba na hakuwepo" iache kama ilivyo ikiwa ndiyo kweli, kwa sababu ndiyo inayomtoa yeye kwenye kosa lako. Kama alikuwepo, sema alikuwepo. Chapisha nakala mbili, zote zigongwe muhuri wa kupokelewa zikiwa na tarehe, moja ibaki kwako.